Mlinzi Naye Alindwe

Sinema: « Citizenfour », ya Laura Poitras. Marekani, 2014. Dakika 114.

Kijana wa miaka 29 ameketi juu ya kitanda kisichotandikwa, katika chumba cha hoteli huko Hong Kong. Kengele ya moto yalia, naye ashtuka: je, ni majaribio tu, ao ni watu wanaokuja kumkamata? Aichomoa waya simu iliyo karibu naye. Atakapo kuandika neno lake la siri katika kompyuta, ajifunika kichwa na kitambaa chekundu ili jicho lo lote lisione vidole vyake. Anaogopa nani? Wezi? Wauaji? Sivyo. Aiogopa serikali ya nchi yake, kwani anajua mashini zake. Alikuwa akizifanyia kazi.

Kijana huyo ni Edward Snowden. Mwezi wa Juni 2013 alitoa mbele ya dunia siri za NSA, ofisi kubwa ya Marekani yenye kazi ya kusikiliza habari za simu na za intaneti. Mama Laura Poitras alikuwa chumbani mle na mashini yake ya picha, pamoja na waandishi wa magazeti Glenn Greenwald na Ewen MacAskill. Picha alizopiga siku zile ndizo moyo wa sinema hii, iliyopata tuzo ya Oscar mwaka 2015. Sisi tuliitazama pamoja, tukabishana juu yake mpaka usiku. Leo twataka kuwaambia wasomaji wetu yaliyo mazuri ndani yake, na yale yanayopungua.

Yatuhusu nini?

Labda msomaji atauliza: Habari za simu za Marekani zatuhusu nini sisi watu wa Kongo? Twamjibu: zatuhusu sana.

Usiku wa kuamkia tarehe 27 Julai 2025, huko Komanda katika Ituri, wauaji wa kundi la ADF waliwashambulia waamini waliokuwa wakikesha katika sala. Watu wapatao 40 waliuawa. Mzazi aliyemzika mtoto wake baada ya usiku kama ule hataki hotuba juu ya haki za watu. Ataka wauaji wakamatwe. Serikali ikimwambia: « Tupe ruhusa ya kuangalia simu za watu wote, nasi tutawapata », atajibu mara moja: « Angalieni! »

Hatumlaumu hata kidogo. Kilio chake ni cha haki, na serikali isiyowalinda watu wake imeacha kazi yake ya kwanza. Lakini ndivyo Wamarekani nao walivyojibu mwaka 2001. Yafaa basi tutazame yaliyowapata, kama vile msafiri amwulizavyo mwenzake aliyetangulia kuvuka mto.

Sheria iliyozaliwa katika kilio

Tarehe 11 Septemba 2001 magaidi wa Al-Qaida waliua watu 2.977 katika Marekani. Miaka mitatu mbele, tarehe 7 Agosti 1998, wenzao walikwisha kulipua balozi za Marekani huko Nairobi na Dar es Salaam. Watu zaidi ya 200 walikufa, na wengi wao walikuwa Waafrika. Hofu ya Wamarekani haikuwa ya bure.

Siku 45 baada ya msiba ule wa Septemba, Rais George W. Bush alitia sahihi sheria iitwayo Patriot Act. Katika Seneti watu 98 waliikubali. Mmoja tu aliikataa, Seneta Russ Feingold. Hatusemi kwamba sheria yote ilikuwa mbaya. Mengi ndani yake yalikuwa ya akili, kama kuwawezesha polisi na wapelelezi kuambiana wanayoyajua. Lakini wazee walisema hasira ni hasara, na sheria iliyoandikwa machozi yakitiririka huacha milango wazi.

Mlango mmoja ni kifungu cha 215. Kiliipa serikali uwezo wa kudai daftari na kartasi zinazohusu upelelezi wa ugaidi. Mwaka 2006 mahakama ya siri ilikubali kwamba maneno hayo yaweza kuvutwa hata kukusanya habari za simu za watu wote: anayeshukiwa na asiyeshukiwa, mzee na mtoto wa shule. Raia hawakuambiwa. Tarehe 12 Machi 2013 Seneta Ron Wyden alimwuliza waziwazi James Clapper, mkubwa wa wapelelezi wote, kama NSA ilikusanya habari zo zote za mamilioni ya Wamarekani. Akajibu kwamba sivyo, si kwa kusudi. Miezi mitatu haijaisha, amri ya mahakama ikatokea gazetini: kampuni ya simu Verizon iliagizwa kutoa kila siku habari za simu zote.

Angalieni jambo lingine. Kifungu hicho kiliwekewa mwisho wake, tarehe 31 Desemba 2005. Mwisho ulipofika kikaongezwa, kisha kikaongezwa tena, hata kikaisha tarehe 15 Machi 2020. Sheria ya siku za msiba iliishi miaka zaidi ya 18. Wasomaji wetu wa Kivu ya Kaskazini na wa Ituri hawana haja ya kufundishwa neno hili: utawala wa kijeshi ulioanza kwao tarehe 6 Mei 2021 ulitangazwa kuwa wa siku 30, halafu ukaongezwa mara nyingi mno.

Bahasha na barua

Wakuu wa Marekani walijitetea hivi: « Hatusikilizi maneno. Twaandika tu nani amempigia nani, saa gani, kwa muda gani. » Ndiyo kusema, wanatazama bahasha, hawaifungui barua.

Lakini bahasha nayo yasema. Mwanamke mmoja apiga simu hospitalini saa nane ya usiku. Asubuhi ampigia mume wake aliye safarini, mara tano. Mchana ampigia padri wa parokia, kisha fundi anayetengeneza masanduku ya maiti. Nani kati yenu, wasomaji, ahitaji kusikia maneno yake? Mwenye kushika daftari la simu zako kwa miaka mitano anajua rafiki zako, ugonjwa wako, madeni yako, na siku ulipogombana na ndugu yako. Pengine ajua kuliko mke wako.

Je, mavuno yake yalikuwa nini? Wakuu walisema mwaka 2013 kwamba upelelezi wao umezuia mashambulio zaidi ya 50. Baraza lililowekwa na sheria kwa kuangalia haki za raia lilichunguza jambo hilo. Tarehe 23 Januari 2014 likatoa neno lake: halikuona hata tisho moja juu ya Marekani ambalo daftari hilo la simu zote lilileta tofauti ya kweli katika mwisho wa upelelezi. Shauri lililotajwa zaidi lilikuwa la dereva wa teksi wa San Diego, Msomali, aliyehukumiwa kwa kupeleka dola 8.500 hivi kwa Al-Shabaab. Tarehe 2 Septemba 2020 mahakama ya rufani ilisema kwamba ukusanyaji ule ulivunja sheria. Hukumu yake haikufutwa, kwa sababu mahakimu waliona kwamba haukuuharibu ushahidi uliomtia hatiani.

Twapaswa kusema na upande wa pili. Baraza lilelile, mwezi wa Julai 2014, lilichunguza upelelezi mwingine unaomfuata mtu fulani aliyechaguliwa, likasema umesaidia kweli juu ya magaidi. Hapo pana fundisho kubwa. Kumfuata anayeshukiwa kulifaa. Kuwahesabu watu wote kuwa washukiwa hakukufaa.

Uzuri wa sinema

Mama Poitras hapigi kelele. Haweki muziki mkubwa wa kutuliza ao kutukasirisha. Aiacha picha ikae chumbani, nasi twakaa humo pamoja nao. Twamwona Snowden akitengeneza nywele mbele ya kioo ili asitambulike. Twamwona apatapo habari kwamba watu wa ofisi wamekwisha kufika nyumbani kwake na kumhoji mwenzake, na uso wake wabadilika. Hivyo sinema yatufundisha jambo ambalo vitabu vya sheria havituonyeshi: kupelelezwa kwaingia mwilini mwa mtu. Mtu huanza kusema kwa sauti ndogo hata akiwa peke yake.

Pia twamwona William Binney, mzee aliyeitumikia NSA miaka zaidi ya 30, akaacha kazi mwaka 2001 kwa sababu, asema yeye, mashini zilizotengenezwa kwa adui ziligeuzwa juu ya raia. Twaingia tena katika mahakama ya rufani, ambako wakili wa serikali awataka mahakimu wasiliingilie jambo hili. Kwetu sisi, hapo ndipo sinema inapofika kilele chake, kuliko katika chumba cha hoteli. Maana mpelelezi akiwa na nguvu, si ajabu. Ndiyo kazi yake. Ajabu ni hakimu akiambiwa afumbe macho.

Mahakama ya siri iliyotoa amri zile ina mahakimu 11. Iliwekwa na sheria ya mwaka 1978 kwa kusudi jema, la kuwazuia wapelelezi wasijifanyie watakavyo. Lakini kwa desturi ilisikiliza upande wa serikali tu. Wahenga wetu walisema: asiyekuwapo na lake halipo. Raia hakuwapo, na lake halikuwapo. Baada ya siri kufunuka, mahakama ya wazi ya New York ilisema tarehe 7 Mei 2015 kwamba ukusanyaji ule ulipita mipaka ya sheria. Tarehe 2 Juni mwaka uleule sheria mpya ikaukomesha: tangu hapo serikali ilipaswa kudai habari kwa jina ao kwa namba fulani, na mahakama ya siri iliweza kumwita mtu wa kusema kwa ajili ya haki za watu. Kazi hiyo ilifanyika mchana, mbele ya macho ya wote, na magaidi hawakushinda kwa sababu hiyo.

« Mimi sina la kuficha »

Mmoja wetu alisema baada ya sinema: « Mkristu wa kweli haogopi. Aliye na moyo safi, na apelelezwe! » Neno hilo lapendwa na wengi, yafaa tulijibu.

Someni tena Kitabu cha Mwanzo. Nuhu alilala uchi hemani mwake. Hamu alimwona, akatoka nje akawasimulia ndugu zake. Semu na Yafeti waliingia kinyumenyume, wakamfunika baba yao bila kumtazama. Nani aliyebarikiwa? Aliyemsitiri, si aliyechungulia. Kuna mambo ya mtu yasiyo dhambi, na hata hivyo si ya macho ya kila mtu: machozi yake, ugonjwa wake, sala yake. Yezu mwenyewe atufundisha kufunga mlango tunaposali. Na Kanisa, katika Mtaguso wa Vatikano wa Pili, tarehe 7 Desemba 1965, lilihesabu sifa njema na ulinzi wa maisha ya siri kati ya haki za kila mtu, pamoja na chakula na mavazi.

Tena, anayechungulia si malaika. Mchungaji Martin Luther King, mtetezi wa Weusi wa Marekani, alisikilizwa simu zake na polisi wa FBI kwa neno la kulinda nchi. Hawakumwona kuwa adui wa nchi. Waliona mambo ya nyumbani mwake. Mwaka 1964 wakampelekea barua isiyo na jina ya kumtisha na kumvunja moyo. Mambo hayo yalichunguzwa na tume ya Seneta Frank Church katika miaka ya 1975 na 1976, ndipo ikatoka ile sheria ya 1978. Na hapa Kongo, wazee wetu waliopita wakati wa Mobutu wakumbuka jinsi jirani alivyokuwa sikio la Leta, na mtu akanyamaza hata mezani kwake. Je, wale waliokuwa wakinyamaza walikuwa na dhambi ya kuficha? Hapana. Walikuwa na watoto.

Yanayopungua

Sasa twaseme makosa ya sinema, kwani ayo mengi husifiwa bila kupimwa.

La kwanza: wafu hawamo. Kwa muda wa dakika 114 hatuoni mjane hata mmoja wa New York, wala yatima wa Nairobi. Ugaidi watajwa kama udhuru wa serikali, si kama jeraha la watu. Mtazamaji wa Beni ao wa Komanda atashtuka kwa ukimya huo. Atetaye uhuru yampasa kwanza kusimama karibu na kaburi. Asipofanya hivyo, mwenye kulia hatamsikiliza, naye atakuwa na haki.

La pili: Snowden hakuulizwa vya kutosha. Alikuwa amepewa siri, akaahidi kuzishika. Kanisa lafundisha kwamba siri ya kazi yapaswa kushikwa, ila kama kuinyamaza kwaleta hasara kubwa sana isiyoweza kuzuiwa kwa njia nyingine. Hicho ndicho kipimo. Juu ya daftari la simu zote, twaona kwamba kipimo hicho kilitimia: mkubwa wa wapelelezi alikuwa amewajibu Maseneta jambo lisilo kweli, na mahakama ilikuwa ya siri. Lakini kartasi alizotoa zilikuwa nyingi mno, na nyingine zilihusu upelelezi juu ya serikali za kigeni, si haki za raia. Je, zote zilikuwa za lazima? Mama Poitras alikuwa na siku nane za kumwuliza. Alimpenda mno mtu wake. Ndiyo maana mwishoni atuonyesha Snowden akipika na mwenzake huko Moscow, kupitia dirishani usiku. Picha ni nzuri, lakini swali lilibaki nje.

La tatu, nalo kwetu ndilo kubwa: mgeni asahauliwa. Sinema yagusa habari za nchi nyingine, lakini hasira yake kubwa ni kwamba Wamarekani walipelelezwa na serikali yao. Na sisi je? Kifungu cha 702 cha sheria yao, kilichowekwa mwaka 2008, na kuongezwa tena Aprili 2024 kwa miaka miwili, kiliruhusu kumpeleleza mgeni aliye nje ya Marekani bila hakimu kuulizwa juu ya jina lake. Yatosha kwamba wapelelezi waone sababu inayohusu mambo ya nje. Mwalimu wa Bukavu anayeandika habari zake kwa njia ya kampuni ya Marekani, ukuta unaomlinda ni mfupi kuliko ule wa mwalimu wa Chicago. Rais Obama aliagiza tarehe 17 Januari 2014 kwamba watu wote watendewe kwa heshima, hata wageni. Lilikuwa agizo jema. Lakini agizo la rais laweza kubadilishwa na rais mwingine. Baba Mtakatifu Yohane wa XXIII, katika barua yake « Pacem in Terris » ya tarehe 11 Aprili 1963, alijenga haki juu ya utu wa mtu. Hakuzijenga juu ya kitambulisho cha uraia. Sinema hii haikufika huko.

Neno la mwisho

Pamoja na hayo, twaisifu. Ni sinema ya kweli, ya uvumilivu, isiyo na uchafu. Yasema Kiingereza, basi panapoonyeshwa, awepo mtu wa kuwaeleza wengine. Yafaa watu wazima na vijana wakubwa. Watoto wataona watu wanaoongea chumbani tu.

Mwenye kuionyesha parokiani asiwaache watu waende nyumbani mara picha zikizimika. Aweke mbele yao maswali haya manne, nayo yatafaa kwa kila sheria ya kupigana na ugaidi, iwe ya Washington ao ya Kinshasa:

1. Je, yamfuata mtu anayeshukiwa kwa sababu, ao yawafuata wote?

2. Je, pana hakimu asiyekuwa chini ya mpelelezi, anayeweza kusema « hapana »?

3. Je, ina siku ya kuisha, na siku hiyo ikifika, yaisha kweli?

4. Je, aliyeonewa ajua mlango wa kupiga hodi, akiwa raia ao mgeni?

Sheria inayojibu vema maswali haya, tuiunge mkono kwa moyo wote, na tuwasaidie askari na mahakimu kuwapata wauaji wa ndugu zetu. Sheria isiyojibu, tuikatae kwa amani, hata ikija siku ya mazishi, tena hasa ikija siku ya mazishi.

Katika mfano wa Injili, watumishi walitaka kuyang'oa magugu yote mara moja. Mwenye shamba hakuyapenda magugu. Alijua yametoka kwa adui. Lakini aliwazuia, wasije wakang'oa na ngano. Nyumba bila mlinzi huingiliwa na wezi, hilo twalijua vema. Lakini mlinzi akipewa funguo za vyumba vyote, na hakuna mtu wa kumwuliza alikuwa wapi usiku, mwenye nyumba amebaki mgeni kwake.